Mashua ya Mtu Mmoja

Nilikuwa nimekwisha kustaafu kazi ya ukatekista, nikitunza migomba yangu na shamba la maharage nje kidogo ya mji wa Kasulu, nilipomwambia mke wangu kwamba natafuta mashua ya tanga nitakayoiendesha peke yangu. Alikuwa anapepeta maharage. Hakuinua uso.

"Mashua," alisema. "Utaiendesha wapi, baba watoto? Kwenye migomba?"

"Ziwani."

"Na kuogelea unajua?"

"Nitajifunza."

"Haya. Jifunze kwanza, ndipo uje kuniaga."

Sikumlaumu. Sisi Waha wa milimani maji yetu ni ya kisima, ya mvua, na ya mito inayovukwa kwa kukunja suruali. Ziwa Tanganyika liko chini kabisa, barabara inapomaliza kuteremka, na wengi wa rika langu tumelijua kwa kula dagaa na migebuka yake tu. Lakini sababu niliyokuwa nayo ilikuwa kubwa kuliko woga wangu.

Kwa miaka mingi nilifundisha dini Rungwe Mpya. Baadhi ya familia nilizozifundisha huko zilihamia ziwani kulima michikichi na kuvua. Zilijenga kwenye ufuko mdogo uliobanwa na mlima, mahali pasipo barabara, zikasimamisha hapo kikanisa cha miti na nyasi, kigango kimojawapo cha parokia ya ziwani. Mwaka ule kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa, katekista wao alihama, nao wakanitumia ujumbe: Mwalimu, sisi bado ni wanafunzi wako. Nilimshukuru Mungu kwa ujumbe huo kama kijana aliyepata kazi ya kwanza. Binti yangu alikuwa anafundisha shule ya msingi katika kijiji cha upande wa pili wa ghuba, kwa hiyo niliweza kushuka na basi Jumamosi, nikalala kwake, na Jumapili asubuhi nikavuka.

Shida ilikuwa kuvuka. Boti za abiria hazikupita Jumapili. Wavuvi wa dagaa hukesha na taa zao, na wakifika nchi kavu asubuhi wanachotaka ni kulala. Mara chache nilimpata mwenye huruma. Mara nyingi zaidi nilisimama mchangani na mkoba wangu mpaka jua likawa kali, nikarudi kwa binti yangu. Ng'ambo watu walikuwa wamekaa wananisubiri. Walirudia nyimbo zote wanazozijua, kisha wakatawanyika.

Paroko wa ziwani, padri kijana mwenye vigango vingi kuliko miguu yake, aliniita tukazungumza.

"Mzee wangu, kigango kisichosaliwa kinakufa," alisema. "Nafikiri niwaunganishe na kile cha nyuma ya mlima."

"Padri, ule mlima wazee hawaupandi. Kuna bibi kizee pale miguu imevimba, hata kisimani hafiki."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza wewe kwanza. Kwaresima ijayo, ukiwafikia kila Jumapili bila kukosa, watabaki na kanisa lao. Ukikosa, nitawaunganisha. Sitaki kuwadanganya watu kwamba wana katekista."

Nikasema, "Nitafika." Nilisema kabla sijajua nitafikaje. Maneno yakishatoka mbele ya padri, Mungu naye ameyasikia.

Mtu wa kwanza kumtafuta alikuwa rafiki yangu mwenye duka la vitambaa, mabati na kamba pale mjini. Yeye ni Mwislamu, mzaliwa wa Pangani, na amekaa Kasulu hata Kiha chake kinachekesha kuliko Kiswahili chetu. Utotoni alilelewa katika vyombo vya baba yake. Tumezoeana kiasi kwamba anapofunga Ramadhani mimi sipiti dukani kwake nikitafuna kitu, na ninapofunga Kwaresima yeye hunitania kwamba kufunga kwetu kuna chai ndani yake.

Nilipomweleza, aliweka mkasi chini.

"Katekista, unataka kuendesha tanga? Wewe Mha, ambaye mvua ikinyesha unaingia ndani?"

"Nataka. Wewe utanifundisha."

"Ningekuja mwenyewe nikuvushe, lakini hii nyonga yangu haikunji tena. Nikiingia kwenye mashua ndogo, kutoka wataniinua na winchi." Akatafakari. "Utakuwa peke yako kabisa?"

"Kabisa. Nani ataacha shamba lake kila Jumapili?"

"Basi tafuta chombo kidogo. Ukikiona, niite kabla hujakichukua. Umenisikia? Kabla."

Nilimsikia vizuri sana, na bado nilikwenda Kibondo bila kumwita.

Huko Kibondo ninaye shemeji, kaka wa mke wangu, anayechonga mivure. Mvure ni gogo kubwa linalochimbwa ndani, la kukamulia ndizi mbivu wakati wa kutengeneza pombe. Mimi pombe niliiacha zamani, lakini mvure mzuri naujua kwa sababu nimekulia kando yake. Ukiugonga, unaitika kwa sauti nzito. Ukiukalia ukingoni, hautikisiki. Uzito ndiyo sifa yake, maana wanaume wanaokamua ndizi humo hawana upole. Sasa kwa sisi watu wa milimani, chombo cha mti kinachoshika kitu cha majimaji ni hicho. Nilimwambia shemeji anichongee mvure mrefu kidogo, wenye ncha mbele, na tundu la kusimamishia mlingoti.

"Wa kukamulia nini?" aliuliza.

"Upepo."

Alicheka, lakini akachonga, na akachonga vizuri. Ulipokamilika niliugonga ukaitika. Nikakaa ukingoni, na watu wengine wawili, haukutikisika hata kidogo pale kwenye nyasi. Nilimshukuru Mungu. Tuliupakia juu ya lori la mahindi mpaka Kasulu, na njia nzima watu wa vituoni waliuliza ni sherehe ya nani.

Rafiki yangu wa duka aliuona, akauzunguka mara moja. Tuliupeleka kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe lililoko nje ya mji. Aliagiza aletewe kiti, akakaa ukingoni na mwavuli wake.

"Ingia," alisema.

Niliingia. Kabla sijakaa sawasawa mvure uligeuka kama mtu anayejigeuza kitandani, nikawa chini na wenyewe ukawa juu. Maji yalinifika kifuani tu, nikasimama. Wachunga ng'ombe waliokuwa pale walikuwa wamelala chini kwa kicheko. Nikapanda tena. Ukanimwaga upande wa pili.

"Umemaliza?" rafiki yangu aliuliza.

"Nimemaliza."

"Chombo kinachotulia kwenye nyasi, Katekista, kinatulizwa na nyasi. Tazama chini yake, ni mviringo kama tumbo langu. Na uzito wote huo! Ukijaa maji ziwani utaunyanyua na nini? Na rozari?"

Jirani yetu mmoja, mkamuaji wa ndizi, aliuchukua siku hiyohiyo kwa furaha kubwa. Nilirudi nyumbani nikiwa nimelowa. Mke wangu alinitazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Kaka yangu amekuzamisha?"

"Kaka yako amechonga vizuri. Mimi ndiye niliyeagiza vibaya."

"Ego," alisema, yaani ndiyo kwa Kiha chetu, akaenda kunipashia maji ya kuoga.

Mara ya pili tulikwenda ziwani mimi na rafiki yangu wa duka. Mvuvi mmoja alikuwa anauza mashua ya mbao, ndefu, imepakwa rangi ya samawati, yenye pande zilizonyooka vizuri. Moyo wangu uliruka. Niliona jinsi ambavyo ningeingia nayo pale kigangoni, na watu wakisimama. Rafiki yangu hakutazama rangi. Aliniambia niivute kutoka majini mpaka pale mchanga ulipokauka.

"Peke yangu?"

"Si ulisema huna mtu?"

Nilivuta. Haikusogea hata kwa kiasi cha kidole. Mwenyewe alicheka akasema, "Mzee, hii tunavuta watu watano, tena tumekula."

Kisha rafiki yangu akaniketisha nyuma kwenye usukani, akaniambia nifike kwenye kamba ya kushushia tanga. Ilibidi ninyanyuke, nipite juu ya mbao za kukalia, na wakati huo usukani umeachwa unacheza wenyewe. Nikaelewa. Mvuvi ana wenzake: mmoja ashike usukani, mwingine ashushe tanga, mwingine achote maji. Mimi mikono yote ilikuwa hii yangu miwili. Niliiaga ile mashua ya samawati kwa huzuni kidogo, na tukapanda basi.

Mashua niliyokuwa naitafuta ilikuwa Kasulu wakati wote huo, nyuma ya karakana ya seremala mmoja niliyekwenda kwake kutafuta kitasa cha mlango. Nilipita uani kukwepa vumbi la randa, nikaiona chini ya banda la mabati imelazwa juu ya matofali, na kuku wametaga ndani yake. Ilikuwa fupi, pana tumboni, na chini yake ilikuwa bapa, ikiwa na ubao mmoja mwembamba wa kusimama majini kama uti wa mgongo.

"Hii nani ameifanya?" niliuliza.

"Mrundi mmoja wa Mtabila," seremala alisema. "Kwao ni pale pale kwenye ziwa, upande wa Burundi. Kambini alikuwa anatengeneza vitanda na milango. Vipande vya mbao vilivyobaki akaunganisha hii. Watu walimcheka, wakamwambia ziwa liko wapi? Siku ya kurudi kwao kwenye lori hakukuwa na nafasi yake, akaniachia mimi. Mzee, hilo ni banda la kuku tu. Ukilitaka chukua, kuku nitawahamisha."

Nilimwita rafiki yangu. Safari hii nilimwita kabla.

Alikuja na fimbo yake, akaitazama, akakunja uso. "Ni fupi. Hii ni sinia la pilau. Mawimbi ya lile ziwa yataichezea."

Niliingia ndani, nikaketi kwenye ubao wa nyuma, kati ya mayai. Nikanyoosha mkono wa kulia, mahali usukani ungekuwa. Nikanyoosha wa kushoto, ukagusa tundu la mlingoti. Nikainama kidogo tu, nikafika chini kabisa, pale ambapo maji yangejikusanya. Sikunyanyuka hata mara moja. Miaka yote nimesimamia ibada za Jumapili bila padri, kitabu huku, mshumaa huku, kengele huku, na nimejifunza kuweka kila kitu mahali ambapo mkono unakifikia bila macho kukitafuta. Yule Mrundi alikuwa ameijenga kwa mtu aliye peke yake. Labda yeye mwenyewe alikuwa hivyo.

"Hii ndiyo," nilisema.

"Katekista..."

"Nisaidie kuishusha chini, halafu kaa pembeni."

Tuliishusha. Niliweka magogo mawili chini yake, nikashika kamba ya mbele, nikavuta. Ilikuja. Niliivuta uani kote mpaka mlangoni, kuku wakinifuata wakilalamika. Rafiki yangu aliegemea fimbo yake, akaanza kucheka polepole.

"Haya, Mha wewe. Umenishinda. Basi tuitengeneze."

Mbao zilikuwa zimekauka na viungo vimeachana. Tuliziba kwa pamba iliyoloweshwa mafuta ya mawese, tukiishindilia kwa patasi butu, kisha tukaijaza maji tukaiacha ivimbe. Mwanzoni ilivuja kama kikapu. Kila asubuhi baada ya sala nilikwenda kuongeza maji, na kila asubuhi ilivuja kidogo kuliko jana, mpaka ikafika siku maji niliyoyaacha jioni niliyakuta yote. Chini ya mbao za kukalia tulifunga madumu ya mafuta ya kula, matupu, vifuniko vimekazwa. Tanga alilikata rafiki yangu mwenyewe kutoka kwenye kitambaa kigumu cha marekani cha dukani, na hapo tukagombana.

"Punguza," nilimwambia.

"Nikipunguza zaidi litakuwa leso. Utatambaa!"

"Niache nitambae. Mimi sishindani na mtu."

Akapunguza akinung'unika kwa heshima ya watu wa Pangani.

Tulirudi bwawani. Jambo la kwanza alilonifundisha lilikuwa kushusha tanga, na siku nyingi hatukufanya lingine: yeye anapiga kelele "Sasa!", mimi naachia kamba moja iliyofungwa karibu na goti langu, tanga linaanguka. Kisha akanifundisha kulipandisha. Alikaa kwenye kiti chake na mwavuli, akifoka mpaka ng'ombe wakaacha kunywa.

"Legeza kamba! Legeza! Unamnyonga nani? Upepo ukikusukuma sana, uachie upite!"

Bwawa lilikuwa dogo, nikawa nageuza kila mara, na kugeuza ndiko kunakofundisha. Siku moja aliniamuru niizamishe makusudi. Niliilalia upande mpaka maji yakaingia yote, nikabaki nimekaa ndani, maji kifuani, nikisubiri iende chini. Haikwenda. Madumu yaliishikilia, nami nikachota kwa ndoo mpaka ikapanda tena. Mke wangu alikuwa amekuja siku hiyo, amesimama kando amejifunga kanga mbili. Jioni aliniwekea mezani jaketi la boya, lile la rangi ya chungwa, alilomwagiza dereva wa basi amletee kutoka Kigoma.

"Sasa unaweza kuniaga," alisema.

Kwaresima ilipokaribia tuliishusha mashua ziwani juu ya lori lililobeba mbao. Binti yangu alikuwa ameshaniulizia habari za upepo kwa wanakijiji. Asubuhi unashuka kutoka milimani kwenda ziwani, alasiri unarudi kutoka ziwani kwenda milimani, na kwa sababu njia yangu ilikuwa ya kukata ghuba sambamba na ufuko, upepo wote huo ungenijia ubavuni, kwenda na kurudi. Nilipiga magoti mchangani nikiona jinsi Mungu alivyopanga mambo hayo kabla mimi sijazaliwa.

Jumapili ya kwanza nilivuka nikiwa nimeshika kamba kwa nguvu mpaka vidole vikakataa kukunjuka. Watu walinipokea kwa vigelegele. Iliyofuata nilivuka nikiweza hata kutazama milima. Halafu ikaja ile ya mvua.

Niliondoka anga ni safi. Katikati ya ghuba niliona upande wa Kongo umekuwa mweusi, na ule weusi unakuja ukitembea juu ya maji. Nyuma ni mbali, mbele ni mbali. Niliachia kamba ya gotini, tanga likaanguka miguuni pangu bila mimi kunyanyuka, na upepo ukafika. Mawimbi yalipanda yakaingia. Nilichota. Yakaingia tena. Maji yalinifika kiunoni nikiwa nimekaa, na mashua ikawa nzito, inayumba lakini haitaki kugeuka. Nilisali kwa sauti, na kati ya sala na sala nilichota. Sikuomba nisife. Niliomba nisikose, kwa sababu nilikuwa naona paa la nyasi la kanisa kwa mbali, na nilijua wamekaa ndani.

Mvua ilipita kama ilivyokuja. Nilimaliza kuchota, nikapandisha nusu ya tanga, na nusu hiyo ikatosha. Walikuwa wamejaa ufukweni, hata yule bibi wa miguu iliyovimba wamembeba wakamkalisha juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Wengine walikuwa wanalia. Vijana walikimbilia majini kunipokea mashua.

"Acheni," niliwaambia. "Nataka kuivuta mwenyewe."

Niliivuta mpaka mchanga mkavu. Kisha nikaingia kanisani na suruali inayotiririka maji, nikaanza: Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Sijawahi kusikia watu wakiitikia Amina kama ile.

Sikukosa Jumapili hata moja. Baada ya Pasaka paroko alikuja na boti ya injini, akasomesha misa, akabatiza watoto waliokuwa wamesubiri muda mrefu. Mwishoni alisimama mlangoni akasema kwamba kigango hiki hakiunganishwi na kingine chochote, na kwamba kabla ya masika mengine wachome matofali, maana anataka kukuta kuta. Wanawake hawakumwacha amalize. Yule bibi alipiga kigelegele kirefu kuliko vyote, amekaa vilevile.

Padri alinikumbatia. "Mzee, ulinitisha ile siku ya mvua. Nilisikia habari nikasema, nimemuua katekista."

"Mimi nilikuwa salama, Padri. Nilikuwa kazini."

Alasiri upepo wa ziwani ulianza kuvuma kwa wakati wake. Niliisukuma mashua majini, nikaketi, nikavuta kamba, tanga likajaa. Padri alipita na boti yake ya injini akanipungia mkono, mimi nikampungia wangu uliokuwa huru. Kwaresima nzima sikuwa nimeimba Aleluya, maana katika mfungo huo sisi hatuiimbi. Pale katikati ya ghuba niliiimba yote, kwa sauti yangu mbovu, mara nyingi kadiri nilivyotaka, mpaka mwamba ulio mbele ya kijiji cha binti yangu ukawa karibu na ikanibidi nishike usukani vizuri.